Springi imelala, breki hazishiki, bomba limevimba: kutafuta chanzo cha kifaa kulainika

Gereji nyingi, za Unga Limited hapa Arusha na za Majengo kule Moshi, zina jibu moja kwa kila kitu kilichopinda: "Feki hiyo, bosi." Wakati mwingine ni kweli. Lakini jibu hilo linafunga uchunguzi kabla haujaanza. Mteja ananunua kipuri kingine, nacho kinalala baada ya miezi michache, kwa sababu kilichomaliza kile cha kwanza bado kipo: joto, mzigo, au vyote viwili kwa pamoja.

Kabla ya kushika spana, tenganisha mambo matatu ambayo kwa macho yanafanana. La kwanza ni kulainika kwa muda: kitu kinapoteza nguvu kikiwa cha moto, kikipoa nguvu inarudi. La pili ni kupoteza ugumu moja kwa moja: joto limefuta kazi iliyofanyika kiwandani, na hata kikipoa kinabaki laini. La tatu ni kutambaa: kitu hakijawa laini, ila kimekaa chini ya mzigo, hasa penye joto, muda mrefu kiasi kwamba kimenyumbuka kidogo kidogo na hakirudi. La kwanza dawa yake ni kuzuia joto. La pili ni kubadilisha kipande au kukipika upya kwa usahihi. La tatu ni kupunguza mzigo, kupunguza joto au kuongeza unene. Ukikosea kundi umekosea dawa.

Kusoma rangi

Chuma kigumu cha springi au cha bolti hakizaliwi kigumu. Kinapashwa mpaka kuwa chekundu, kinapozwa ghafla, na hapo kinakuwa kigumu lakini kinavunjika kama kioo. Kwa hiyo kinapashwa mara ya pili, kwa joto dogo zaidi, ili kipunguze ugumu kidogo na kipate uvumilivu. Joto hilo la pili ndilo mpaka wake. Ukikipasha chini ya hapo hakuna kinachoharibika. Ukivuka, ugumu unaanza kuondoka, na kadiri unavyovuka mbali ndivyo unavyoondoka haraka.

Chuma cha kaboni kinachong'aa kikipata moto kwenye hewa kinavaa rangi. Karibu nyuzi 220 za Selsiasi kinakuwa njano kama majani makavu, karibu 260 kahawia, karibu 280 zambarau, na karibu 300 bluu. Baada ya hapo rangi inafifia kuwa kijivu. Kikikaa kwenye joto muda mrefu, rangi inasogea mbele hata kama joto halijapanda, kwa hiyo isome kama makadirio.

Wengi wanakosea kwa kutoa hukumu moja kwa bluu zote. Beringi ya kawaida ilipashwa mara ya pili kwa joto lisilofika nyuzi 200. Ukiona njia ya gololi imekuwa bluu, beringi hiyo imekwisha, hata kama bado inazunguka vizuri mkononi. Springi ya gari ilipashwa kwa nyuzi 400 na zaidi, mara nyingi karibu 450. Doa la bluu juu yake halijaigusa bado. Ogopa pale ambapo doa lina kitovu cha kijivu chenye magamba, maana hapo moto ulipita mpaka. Na keekee ya drili ya chuma cha kasi, yaani HSS, inashika makali yake hadi karibu nyuzi 600, kwa hiyo ikigeuka bluu usiitupe. Usiichovye kwenye maji ikiwa ya moto hivyo, itapata nyufa. Patasi na visu vya chuma cha kaboni ni hadithi nyingine: grainda ikivifanya bluu kwenye ncha, sehemu ile ni laini, na hakuna namna ila kusaga polepole mpaka ufike kwenye chuma kizima, ukipoza kwa maji kila baada ya mguso mfupi.

Dalili: gari limelala nyuma, au limelala upande mmoja

Hili ndilo tatizo la magari ya utalii, yale Land Cruiser yaliyorefushwa chesisi, yenye friji, tanki la ziada la mafuta na wageni saba. Lami inakwisha kwenye lango la Lodoare, la kuingilia Ngorongoro. Kutoka hapo kuelekea Serengeti ni mawimbi na mashimo.

Mazungumzo huwa hivi.

"Fundi, springi imetoka gereji juzi tu, mbona imelala tena?"

"Mzigo wako mkubwa, mzee."

"Mzigo ni ule ule wa mwaka jana."

Jibu la mzee limebeba habari yote. Springi iliyokaa miaka chini ya mzigo ule ule, kisha ikalala baada ya kutoka gereji, haikushindwa na mzigo. Kuna kitu kilifanyika gereji.

Anza na vitu visivyohusu chuma chenyewe, maana ni rahisi: kipande, yaani bapa moja la springi, kilichokatika katikati ya vingine, bushi iliyokwisha, bolti ya katikati iliyokatika. Visipokuwepo, pima. Shusha mzigo wote. Vuta uzi kutoka tundu la mbele la springi hadi tundu la nyuma, pima kwa rula umbali kati ya uzi na kipande kikuu pale katikati, andika kwa pande zote mbili. Pakia mzigo wa kawaida, safiri, shusha, pima tena. Kama upinde umepungua, chuma kinapita kikomo chake na hakirudi: ama kimelainika, ama mzigo umezidi. Kama upinde uko pale pale lakini gari likipakiwa linashuka mno, chuma ni kizima; vipande ni vichache au vyembamba. Ongeza kipande, usiseme springi ni mbovu.

Tofauti hiyo inatokana na jambo ambalo hata mafundi wazoefu hulipinga mpaka walione: kulainika hakupunguzi ukakamavu. Msumari laini na springi ngumu, vikiwa na umbo lile lile, vinapinda kiasi kile kile kwa mzigo mdogo, kwa sababu chuma cha msumari na cha springi vyote vina ukakamavu wa karibu gigapaskali 200 (kipimo cha nguvu juu ya eneo). Kinachobadilika ni kikomo cha kurudi. Ndiyo maana springi iliyoharibiwa na moto inajibu vizuri ukiirukia gereji, halafu inalala ikikutana na shimo la kwanza ikiwa na mzigo.

Vyanzo vya moto kwenye springi ni vichache na vinajulikana. Mtu alichomelea kitu karibu nayo, au alitumia springi kama mahali pa kubania waya wa kurudisha umeme wa weldi. Mtu alikata bolti zilizogoma kwa gesi bila kuivua. Au, na hiki ndicho kikubwa, springi ilipelekwa "kukunjwa upya": ikatiwa kwenye moto wa mkaa mpaka ikawa nyekundu, ikagongwa ikapata upinde mzuri, ikaachwa ipoe hewani. Upinde ulirudi, ugumu haukurudi. Kazi hiyo ni bei rahisi kwa sababu nusu yake haikufanyika.

Kukunja upya kwa haki kuna njia mbili. Ya kwanza ni bila moto kabisa, kwa presi au kwa nyundo juu ya fuawe, kidogo kidogo kwa urefu wote. Ya pili ni kupika mzunguko mzima: pasha hadi karibu nyuzi 850, zamisha kwenye mafuta, kisha pasha tena hadi kati ya 400 na 500. Asiye na kipimo cha joto anaweza kutumia sumaku: chuma kinaacha kuvutwa karibu nyuzi 770, na unakipeleka mbele kidogo ya hapo. Wahunzi wa Mamba, njia ya Marangu, wanafua chuma tangu enzi za mababu, na mhunzi wa kweli atakuambia kazi ya rangi inafanyika kivulini; juani wekundu hauonekani, na unapitiliza bila kujua.

Ukitaka uhakika zaidi kuhusu kipande unachokishuku, tafuta kipande kizima cha aina ile ile. Safisha vyote kwa msasa, weka gololi ya beringi katikati yao, na ubane kwenye jiliwa kwa nguvu. Gololi inaacha alama pande zote mbili. Kipande chenye alama pana zaidi ndicho laini. Funika kwa gunia na uvae miwani, kwa sababu gololi inaweza kupasuka au kuruka. Kipimo hiki hakikupi namba, lakini kinamaliza mabishano. Faili haitoshi kwa kazi hii: springi nzima nayo inakubali faili, kwa shida tu, na fundi mwenye mkono mzito atasema zote ni laini.

Dalili: nati inazunguka, haibani

Kwenye kichwa cha bolti soma namba. 8.8 maana yake chuma kinavumilia karibu megapaskali 800 kabla ya kukatika, na asilimia 80 ya hiyo, yaani 640, kabla ya kunyooka moja kwa moja. 10.9 ni 1,000 na 900 kwa hesabu ile ile. Aina zote mbili zilipashwa mara ya pili kwa joto lisilopungua nyuzi 425. Sasa fikiria fundi aliyepasha nati yenye kutu kwa gesi mpaka ikawa nyekundu, karibu nyuzi 700, akaifungua kwa raha, kisha akarudisha bolti ile ile mahali pake. Alichorudisha si 8.8 tena, ingawa kichwani bado imeandikwa hivyo.

Dalili zake: unakaza, spana inasogea, lakini mkazo hauongezeki. Toa bolti, ilaze dhidi ya bolti mpya ya saizi ile ile, meno kwa meno, uinue kwenye mwanga. Meno yakiachana kadiri unavyokwenda mbali, bolti imenyooka. Usiirudishe hata kama nati inaingia. Kwa bolti zile za umbo la U zinazoshika springi kwenye ekseli sina mjadala: zikiguswa na moto zinakwenda kwenye chuma chakavu. Bei ya jozi mpya ni ndogo kuliko ekseli kuhama ukiwa kwenye kona za Rhotia.

Dalili: breki zinaisha mlimani, zinarudi kesho yake

Hapa tuko kundi la kwanza, na mguu wako ndio chombo cha kupimia.

Gari la tani tatu likishuka mita 600, karibu kina cha kreta ya Ngorongoro, linaachilia nishati ya kutosha kupasha karibu lita 50 za maji kutoka ubaridi hadi kuchemka. Injini isipobeba sehemu yake, nishati hiyo yote inaishia kwenye ngoma na diski. Wanaoshuka kutoka Kibosho au Machame kuja Moshi mjini wakiwa wamebeba ndizi hawako mbali na hesabu hiyo.

Kama pedali ni ngumu, mguu umesimama imara, lakini gari halipungui mwendo, tatizo ni pedi au viatu vya breki: gundi inayoshika nyuzi zake imepata joto kupita kiasi na msuguano umeshuka. Kama pedali inakwenda chini zaidi kuliko kawaida lakini ukipampu inapanda, na breki za nyuma ni za ngoma, ngoma imetanuka kwa joto na viatu vinasafiri mbali zaidi kuifikia. Kama pedali ni laini kama unakanyaga sponji, mafuta ya breki yamechemka. Mafuta ya DOT 3 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 205. Yakishanyonya unyevu, kiwango cha chini kinachokubalika ni 140. DOT 4 ni 230 na 155. Mafuta yaliyokaa miaka kwenye kopo lililofunguliwa, lile ambalo kila gereji inalo pale kwenye rafu, yameshaanza kunywa unyevu wa hewa.

Yote matatu yanarudi yakipoa, na ndiyo hatari yake: asubuhi fundi anajaribu breki uani, anasema ziko salama. Usikubali jaribio la uani. Fungua uangalie.

Ukifungua ngoma utaona mengine. Madoa ya bluu kwenye chuma cha kusubu (kilichomiminwa kwenye kalibu) cha ngoma, kinyume na unavyotarajia, mara nyingi yamekuwa magumu kuliko sehemu nyingine: joto lilipanda sana pale juu na kupoa ghafla. Yanatetemesha breki na kuzaa nyufa. Kilicholainika hasa ni vile vispringi vidogo vya kurudisha viatu. Vikiwa vimepoteza rangi na mizunguko yake imeachana hata bila kuvutwa, viatu havirudi, vinaendelea kusugua, joto linaongezeka, na vispringi vinalainika zaidi. Gari linalotoa harufu kwenye gurudumu moja baada ya kushuka, kisha kushindwa kuserereka kwenye tambarare, lina ugonjwa huo. Badilisha vispringi kila unapobadilisha viatu.

Dalili: gasketi ya silinda hedi inaungua tena baada ya hedi kupigwa uso

Gari lilichemka tambarare za Same, likaletwa Moshi, hedi ikasawazishwa, gasketi mpya, miezi miwili ikarudi. Hedi nyingi siku hizi ni za alumini iliyopikwa, yaani iliyopashwa joto kiwandani ili iwe ngumu, na joto la mwisho la kupika huko haliko mbali na nyuzi 200. Injini iliyoendeshwa bila maji inalivuka. Baada ya hapo hedi inaweza kuwa nyoofu kabisa kwa rula na bado ikawa laini. Angalia chini ya vichwa vya bolti: kama washa imezama na kuacha kitako, alumini imekubali kubonyezwa. Angalia kama meno ya plagi yanatoka na vipande. Ukiona hivyo, kusawazisha tena ni kupoteza chuma na hela ya mteja. Tafuta hedi nyingine.

Dalili: ufa unarudi, ila pembeni mwa weldi

Kwenye keria ya alumini juu ya paa, ufa unaorudi milimita chache kutoka kwenye weldi ni jambo la kutarajiwa. Alumini ya aina ya 6061 iliyopikwa inapoteza karibu nusu ya nguvu yake kwenye ukanda uliopata joto la weldi, na ukanda huo una upana wa sentimita mbili tatu kila upande. Kuongeza weldi juu ya weldi kunaongeza ukanda. Hamisha kiungo mahali penye mzigo mdogo, au funga kwa bolti na bamba.

Kwenye chesisi ya chuma cha kawaida, kulainika ni sehemu ndogo ya kosa. Mara nyingi ni bamba lililokatwa mraba na kuchomelewa kwa kukatisha upana wa chesisi, likaacha kona kali ambapo mzigo wote unakusanyika. Malori makubwa ni tofauti: baadhi yana chesisi ya chuma kilichopikwa, na watengenezaji wanakataza kuchomelea juu na chini ya reli. Tafuta kibandiko cha onyo kabla ya kuwasha mashine.

Dalili: bomba limevimba au limelegea kati ya vishikizo

Plastiki hailali usingizi. Inatambaa kwa joto la kawaida la mchana, na mzigo mdogo tu unatosha ukipewa muda.

Bomba la PVC ngumu lililounganishwa na maji ya moto kutoka kwenye hita ya jua: mwisho wake wa kazi ni nyuzi 60, na karibu 80 linaanza kuinama lenyewe. Hita ya jua ya Moshi, siku ambayo hakuna aliyeoga, inapita hapo bila shida. Usilisogezee vishikizo, litoe, weka PPR ya maji ya moto. Na PPR nayo inahitaji nafasi ya kutanuka: mita 10 zikipanda nyuzi 40 zinaongezeka karibu milimita 60. Ukizibana pande zote mbili zitajikunja kama nyoka ukutani, na fundi atalaumiwa kwa bomba feki.

Tatizo kubwa zaidi liko kwenye miteremko ya Kilimanjaro, kwenye mabomba meusi ya polithini yanayoleta maji kutoka juu. Kila mita 10 za kushuka zinaongeza karibu baa 1. Bomba lililoandikwa PN10 limepewa baa 10, lakini kwa maji ya nyuzi 20. Kwa nyuzi 30 zidisha kwa 0.87, kwa nyuzi 40 zidisha kwa 0.74. Bomba jeusi lililolazwa juu ya ardhi juani linafika 40 na kupita. Kwa hiyo tanki likiwa mita 90 juu ya nyumba, na koki zote zimefungwa, pale chini kuna baa 9 kwenye bomba ambalo saa nane mchana linastahili 7.4.

Halipasuki siku hiyo. Linavimba kidogo, ukuta unakuwa mwembamba, kesho ukuta mwembamba unavimba zaidi. Tembea kando ya bomba na kipande cha uzi, zungusha uzi kwenye sehemu iliyofukiwa na kwenye sehemu iliyo juani, linganisha. Kama sehemu ya juani ni nene kwa nje, umepata kutambaa, na kipande hicho hakiponi hata ukishusha presha. Kikate. Weka cha PN16 kwa ule mteremko wa chini, fukia bomba lote kina cha goti, na kama mteremko unazidi mita 60 jenga kitanki cha kuvunja presha katikati ya njia, chenye boya. Watu wa chini watalalamika kwamba maji hayana nguvu kama zamani. Waelekeze kwenye viungo vyao vya bafuni, ambavyo sasa havivuji.